"Serikali" na "Siri Kali": Maneno ya Utawala na Haki za Raia

Ni wachache miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, wawe wa Mombasa au wa Mwanza, wasiopata kusikia kwamba neno serikali limeundwa kwa maneno mawili, siri na kali. Husemwa hivyo kwa mzaha barazani, na pengine husemwa kwa dhati, mtu anapouliza jambo la utawala akajibiwa kuwa hayo si ya kuulizwa. Mwanafunzi wa lugha ajua ya kuwa maelezo hayo si ya kweli. Lakini kosa la lugha linapokubaliwa na watu wengi kwa muda mrefu lastahili kuchunguzwa, kwa sababu laonyesha jambo ambalo watu hao wamelizoea. Nia ya makala haya ni kuchungua maneno machache ambayo kwayo mamlaka ya serikali na haki za raia hutajwa katika Kiswahili, hasa nchini Tanzania, na kuonyesha kwamba kile kiitwacho mara kwa mara "kutojali" kwa wananchi kimetokana kwa sehemu kubwa na lugha ambayo mamlaka hayo yaliandikwa.

Tuanze na kosa lenyewe. Serikali ni neno la asili ya Kiajemi, sarkar, lenye sehemu mbili: sar, yaani kichwa, na kar, yaani kazi. Maana yake ya kwanza ilikuwa msimamizi mkuu wa kazi, kisha ikawa bwana au mamlaka. Neno hili lilienea sana Bara Hindi, likavuka bahari hadi pwani yetu. Katika maandishi ya zamani twalikuta likiandikwa serkali, na pengine sirkali. Kiswahili, kama ilivyo desturi yake, kiliingiza irabu kati ya konsonanti mbili zilizokutana, na hapo sikio la Mswahili likasikia siri, neno lililotoka kwingine kabisa, katika Kiarabu. Basi, siri haimo ndani ya serikali kwa asili ya neno. Ikiwa imo, imeingizwa kwa njia nyingine, nayo ni sheria.

Mwenziwe serikali katika mazungumzo ya utawala ni raia. Neno hili latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuchunga. Raia wa asili ni kundi lichungwalo. Haitupasi kudhani kwamba maana ya asili ya neno huishi milele ndani yake, kwani msemaji wa leo hafikirii kondoo atajapo raia. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba maneno haya mawili yaliingia katika lugha yetu wakati ambapo upande mmoja ulikuwa wa wasimamizi na upande wa pili wa wachungwao. Neno mwananchi, lililoundwa kwa viungo vya Kibantu, lina sura nyingine kabisa: lamtaja mtu kuwa mwana wa nchi, mwenye fungu katika urithi. Lakini sheria zinapotaja haki, mara nyingi hutaja raia au mtu. Na hotuba zinapotaja wajibu, mara nyingi hutaja mwananchi.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea katika neno uhuru. Katika pwani ya karne ya 19, mtu huru alikuwa yule asiye mtumwa. Uhuru ulikuwa hali ya mtu mmoja mmoja. Ulijulikana kwa yale ambayo hakuna mtu awezaye kumtendea mwenye kuwa nao. Katika miaka ya 1950 neno hilo lilichukuliwa na vyama vilivyodai nchi kujitawala, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipojitawala, kama Kenya ilivyojitawala tarehe 12 Desemba 1963, Uhuru ukawa jina la tukio na la siku. Tangu hapo, ukimwuliza mtu "Tulipata uhuru lini?" hukujibu kwa kutaja tarehe. Neno lilihama kutoka kwa mtu likaenda kwa taifa, na lilipohama halikuacha neno jingine mahali pake. Ndiyo sababu hata leo msemaji hulazimika kuongeza maneno, akasema "uhuru wa mtu binafsi" au "uhuru wa kutoa maoni", ili asidhaniwe kuwa anasema habari za bendera. Jambo lililokwisha kupatikana halidaiwi tena. Hivyo neno lililofaa kudaiwa nalo haki lilikuwa limekwisha kufungwa katika kalenda.

Hayo yatusaidia kuelewa jinsi ilivyowezekana, kabla Tanganyika haijatimiza mwaka mmoja wa kujitawala, kutungwa sheria ya mwaka wa 1962 ya kuwaweka watu kizuizini. Sheria hiyo ilimpa Rais uwezo wa kuamuru mtu azuiliwe bila kushtakiwa, akiridhika kwamba mwenendo wa mtu huyo wahatarisha amani au usalama wa dola. Ikatamka pia kwamba amri hiyo isihojiwe katika mahakama yo yote.

Tukitazame kitenzi hiki, kuridhika. Sheria haikuuliza kama mtu ametenda jambo fulani. Iliuliza kama Rais ameridhika. Tendo laweza kushuhudiwa, likathibitishwa au likakanushwa. Kuridhika ni hali ya moyoni, haina shahidi wala kielelezo, na mahakama, hata ingaliruhusiwa kuuliza, ingalipata taabu kujua iulize nini. Mwalimu Julius Nyerere hakuficha ukubwa wa mamlaka aliyokuwa nayo. Alipata kusema mwenyewe kwamba Katiba ilimpa uwezo wa kutosha kuwa dikteta. Mtawala akisema hivyo kwa uwazi, swali halimhusu yeye peke yake tena. Lahusu kiti, na kila atakayekikalia.

Jina la adhabu hiyo nalo lataka kuangaliwa. Kizuizi, katika maneno ya kila siku, ni kitu kilichowekwa ili kuzuia maji au njia. Kifungo ni jambo jingine: kina hukumu kabla yake, kina hesabu ya miezi au miaka, na mtu aweza kuuliza, "Amefungwa miaka mingapi?" Kwa kizuizi swali hilo halisemeki vizuri. Isitoshe, usemi "aliwekwa kizuizini" umo katika kauli ya kutendwa, na katika Kiswahili kauli hiyo yaweza kukamilika bila kumtaja mtenda. Msikilizaji hupata habari nzima, ila hapati jina la aliyeweka. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyowazuilia watu. Nasema kwamba sarufi iliwapa wasimulizi njia rahisi ya kusimulia habari hizo pasipo kutaja aliyeamuru.

Mfano wa karibu zaidi ni usemi "watu wasiojulikana". Ulienea sana Tanzania tangu mwaka wa 2017, hasa baada ya Mbunge Tundu Lissu kupigwa risasi mjini Dodoma tarehe 7 Septemba mwaka huo. Hapo kwanza usemi huo ulikuwa maelezo tu: watu ambao hawajatambuliwa. Baada ya muda mfupi ukawa kama jina la kundi. Watu walisema "amechukuliwa na wasiojulikana" kwa namna ile ile ambayo wangalisema amechukuliwa na polisi. Kisarufi, hapa mtenda ametajwa, lakini ametajwa kwa kutojulikana kwake. Maelezo yaliyopaswa kuanzisha uchunguzi yaligeuka jibu la kuumaliza. Watu walipouchukua usemi huo wakaufanya dhihaka, walionyesha kwamba walielewa vyema kilichotendeka katika lugha yao. Haifai kuwaita watu hao wasiojali.

Tugeukie sasa siri yenyewe, ambayo chimbuko lake la kisheria latupeleka Uingereza. Tarehe 18 Agosti 1911, katika hofu ya vita na Ujerumani iliyotokana na mzozo wa Agadir huko Morocco, Bunge la Uingereza lilipitisha hatua zote za Sheria ya Siri za Serikali alasiri moja, kwa muda usiofika saa moja. Kifungu chake cha pili kilifanya kuwa kosa kutoa pasipo idhini habari yo yote ambayo mtu aliipata katika utumishi wa serikali, hata ikiwa ndogo namna gani. Kifungu hicho kilidumu hadi kilipoondolewa na sheria ya mwaka wa 1989. Jambo hili lapasa kukumbukwa na kila asemaye kwamba kutojali haki ni tabia ya watu wasiosoma. Wabunge wale walikuwa wasomi, na sheria iliandikwa kwa lugha ya mama zao. Hofu ya adui na haraka ya siku moja vilitosha.

Sheria za namna hiyo zilifika katika makoloni. Tanzania ilipotunga yake, mwaka wa 1970, haikutaja siri katika jina. Iliitwa Sheria ya Usalama wa Taifa. Ndani yake, jambo la siri laelezwa kuwa ni habari au kitu kilichotangazwa kuwa cha siri na ofisa aliyeruhusiwa kufanya hivyo. Mtunga kamusi akieleza neno kwa namna hiyo atalaumiwa, kwani atakuwa amesema kwamba siri ni kile kiitwacho siri. Katika sheria, mviringo huo una kazi maalumu. Hauangalii kama kutolewa kwa habari kutaleta madhara, wala madhara hayo yatampata nani. Waangalia muhuri uliogongwa juu ya karatasi, na mwenye muhuri ndiye mwamuzi.

Badiliko la jina kutoka siri hadi usalama si dogo. Siri ni neno lenye kuamsha swali: siri ya nani, naye anamficha nani? Usalama hauamshi swali. Ni neno la salamu za kila siku, mtu huulizwa habari za nyumbani, naye hujibu "Salama." Hakuna mwenye akili aupingaye usalama. Lakini katika mazungumzo ya kawaida, "mtu wa usalama" ni mtu ambaye akiingia mahali sauti hupunguzwa. Neno moja limebeba utulivu wa nyumbani na hofu ya kusikiwa. Idara ya Usalama wa Taifa ilitungiwa sheria yake mahsusi mwaka wa 1996. Hadi hapo neno lenyewe lilikuwa limekwisha kujulikana na kila mtu, ila wachache sana waliweza kusema mipaka yake ilikuwa wapi.

Sasa na haki zenyewe ziliandikwaje? Hapa pana jambo ambalo halijatiliwa mkazo wa kutosha na wanazuoni wa lugha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka wa 1977 ipo kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ziliingizwa ndani yake haki za msingi kwa mabadiliko ya mwaka wa 1984. Lakini sheria ya kuweka watu kizuizini, sheria ya usalama ya 1970, sheria ya magazeti ya 1976 na nyingine nyingi za aina hiyo ziliandikwa kwa Kiingereza. Bungeni watu walijadiliana kwa Kiswahili juu ya miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mahakama za Mwanzo ziliendesha kesi kwa Kiswahili, na Mahakama Kuu ikaweka kumbukumbu zake kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwananchi aliweza kusoma kwa lugha yake kile alichopewa, asiweze kusoma kile ambacho kwacho aliweza kunyang'anywa.

Hata hicho alichopewa kilikuwa na masharti. Sheria iliyofuatana na mabadiliko ya 1984 iliahirisha hadi Machi 1988 uwezo wa mahakama kuzibatilisha sheria zilizopingana na haki hizo. Ibara ya 18, juu ya uhuru wa maoni, ilianza kwa kusema kwamba haki hiyo ni "bila ya kuathiri sheria za nchi". Maneno hayo yana sauti ya upole, lakini msomaji makini aona kwamba sheria za nchi, ambazo hakuweza kuzisoma, ziliwekwa juu ya haki aliyoweza kuisoma. Maneno hayo yaliondolewa mwaka wa 2005. Ibara hiyo yataja pia haki ya "kupewa taarifa". Sheria ya mwaka wa 2016 yaitwa kwa Kiswahili sheria ya haki ya "kupata taarifa". Wanafunzi wa vitenzi wajua tofauti yake. Apewaye hungoja mkono wa mpaji. Apataye aweza kuwa ametafuta mwenyewe. Kama sheria hiyo imelitimiza jina lake ni jambo la kupimwa kwa matendo, hasa kwa kuwa nayo yaacha nje taarifa zihusuzo usalama wa taifa, na hapo twarudi kwenye lile neno ambalo mipaka yake haijulikani.

Mtu aweza kupinga kwamba lugha haina uzito huo, na kwamba watawala hawajali neno limesemwa kwa lugha gani. Historia ya Kenya yatoa jibu. Mwaka wa 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood, iliyowashambulia wazi wenye mali na mamlaka. Ilizinduliwa Nairobi mbele ya Mwai Kibaki, aliyekuwa waziri. Mwaka huo huo mchezo wa Ngaahika Ndeenda, aliouandika pamoja na Ngũgĩ wa Mirii kwa Kigikuyu, ulichezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Mchezo ulipigwa marufuku baada ya majuma machache, na kabla mwaka haujaisha mwandishi alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Miaka tisa kabla ya hapo, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa ameandika kwa Kiswahili waraka uitwao Kenya: Twendapi? Mwaka wa 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa uchochezi, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakawa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyotoka mwaka wa 1973. Baada ya kufunguliwa alifanya kazi miaka kadhaa katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam. Waliowashika waandishi hawa walikuwa na maoni yao juu ya isimu ya jamii: walijua kwamba neno hatari ni lile lieleweke na watu.

Upo ushahidi mwingine ambao hauiungi mkono hoja yangu moja kwa moja, nao hauna budi kuelezwa. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka wa 1991, ilikusanya maoni kwa Kiswahili nchini kote juu ya mfumo wa chama kimoja au vingi. Katika waliotoa maoni, wapatao asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee. Hapa lugha haikuwa kizuizi, na bado wengi hawakudai nafasi zaidi ya kupinga. Twaweza kusema kwamba miaka ya mazoea haiondolewi kwa swali moja, na kwamba hofu ya fujo ilikuwa ya kweli; lakini jambo lenyewe labaki. Tume ilipendekeza vyama vingi vikubaliwe, ikizingatia pia haki ya wale wachache. Kadhalika, katika taarifa yake ya mwaka wa 1992, ilizitaja sheria 40 zilizofaa kufutwa au kurekebishwa, ile ya kizuizini ikiwa mojawapo. Hata hivyo sheria hiyo ya kizuizini ilikuwamo bado katika toleo la sheria za Tanzania la mwaka wa 2002. Funzo ni kwamba haki za raia si jambo la kuhesabia vichwa, na kwamba kueleweka kwa lugha ni sharti la kwanza tu. Siyo sharti lote.

Mwaka wa 2021 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa liliacha nafasi ya kutumia Kiingereza inapolazimu. Kwa hatua hiyo kazi iliyokuwa ya wanasheria imefika mlangoni petu. Yafaa tuipokee kwa furaha, na kwa tahadhari pia, maana tafsiri yaweza kuficha mambo kama yalivyofichwa na lugha ya kigeni. Istilahi ikiwa ngumu na isiyotumiwa na mtu, siri itakuwa imehama tu kutoka Kiingereza na kuingia katika Kiswahili cha ofisini. Napendekeza mambo matatu.

La kwanza, sheria impayo mtu mamlaka imtaje mtenda waziwazi. Badala ya kuandika "mtu atawekwa kizuizini", iandikwe "Rais aweza kuamuru mtu afungiwe bila kushtakiwa mahakamani". Sentensi hii haibadilishi sheria hata kidogo. Ila msomaji ye yote wa darasa la saba atajua nani anafanya nini, na kwa nani.

La pili, maneno mapana kama usalama wa taifa, maslahi ya umma na amani na utulivu yasiachwe pasipo maelezo katika sheria yenyewe. Kamusi peke yake haitoshi. Msomaji apaswa kuweza kuuliza kama usalama unaotajwa ni wa watu wa nchi, au ni wa wale walio madarakani kwa wakati huo, kwa maana viwili hivi si kitu kimoja.

La tatu, istilahi za sheria zipimwe kwa wasikilizaji wa kawaida kabla hazijachapishwa, sokoni na bandarini, kama tunavyopima matamshi na lahaja. Tumezoea kwenda vijijini kukusanya methali na majina ya samaki. Twaweza kwenda huko huko kuuliza, "Ukisikia maneno haya, wafahamu nini?" na kuyaandika majibu kama yalivyo.

Wazee wetu walisema, "Ukiona mwenzio anyolewa, zako tia maji." Methali hii ni onyo kwa asiyejali, lakini yataka mtu aone kwanza. Anayenyolewa gizani haonekani na jirani, na sheria isiyosomeka ni giza la namna yake. Wanazuoni wa Kiswahili hawana uwezo wa kufuta amri wala kumfungua mfungwa. Wana uwezo wa kuliandika neno ili lieleweke, na kwa miaka mingi hilo ndilo lililokosekana.